Udongo wa Kwanza wa Mbazi

Tulieni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye chai amalize kikombe chake. Hadithi hii husimuliwa mara moja tu, na mwishoni mwake kuna kazi itakayowaangukia ninyi.

Katika milima ya Upare, kwenye ukoo mmoja ambao jina lake tutaliacha palepale lilipo, walikuwako watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Eliakimu, msokota kamba. Kipawa chake kilikuwa vidoleni. Ungemfunga kitambaa machoni ukampa kamba ya katani, angeipapasa kidogo, kisha angekwambia imesokotwa na nani, na fundo lake limefungwa na mtu wa namna gani: mwenye haraka, mwenye hasira, au mwenye kutumia mkono wa kushoto.

Wa pili ni Nankondo, mkulima wa maharage. Kipawa chake kilikuwa machoni. Alimtambua kuku mgonjwa siku mbili kabla kuku mwenyewe hajaacha kula. Akipita nyumbani kwa jirani, aliweza kukutajia ni sahani ngapi zilizoanikwa uani na ni ipi yenye ufa.

Wa tatu ni Yunesi, mwalimu wa shule ya msingi. Kipawa chake kilikuwa kalamu. Watu walimwendea awaandikie maombi ya shamba, ya uhamisho, ya posa, hata ya msamaha kwa wakwe, na barua iliyopita mikononi mwake haikurudi bure.

Juu ya hao watatu alikuwako Keziya. Yeye hakuwa na vidole vya ajabu, wala macho, wala kalamu. Alikuwa na neno. Tangu wazazi wao wafariki, Keziya akishasema, watu walifanya. Hadithi hii inatembea naye, kwa hiyo msimwache nyuma.

Undugu wao ni huu, asije mtu akapotea njiani. Keziya, Mbazi na Eliakimu walizaliwa na mama mmoja, kwa mpangilio huo. Nankondo ni mke wa Mbazi. Yunesi ni binti wa Mbazi na Nankondo. Na Mbazi ndiye aliyekufa.

Mbazi alikuwa mlinzi wa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, ambalo wazee walilijenga chini ya chemchemi. Maji hujikusanya humo, na kila asubuhi mlinzi huzibua tundu akayaelekeza mashambani kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mbazi alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa akiwa na mkono mmoja mzima. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole gumba; kilikatwa na panga alipokuwa kijana, akipasua kuni.

Siku ilikuwa Alhamisi. Wapo wasemao Ijumaa, lakini wamekosea. Ijumaa ndiyo siku aliyozikwa. Jua lilikuwa limeshapanda kiasi cha kukausha umande, na maji yalikuwa hayajafika kwa Eliakimu, ambaye zamu ilikuwa yake. Akapanda kwenda kuuliza. Akamkuta kaka yake ananing'inia kwenye mkuyu ulio juu ya ndiva.

Alimkimbilia dada yake. Keziya alifika akihema, akatazama mara moja, akageuza uso. Mkitaka kujua kilichomjia kwanza, si huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, na ilikaa sana. Kilichomjia kwanza ni aibu.

Maana katika ukoo ule, mtu aliyejinyonga halazwi migombani pamoja na wazee wake. Huzikwa mpakani, penye masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka. Katika mazishi mengine yote, ndugu mmoja huchota konzi ya udongo na kuitupa kaburini kabla ya majembe kuanza, na hiyo ndiyo namna ya ukoo kusema: huyu ni wetu. Aliyejinyonga hatupiwi. Hufukiwa kwa majembe tu, na jina lake hapewi mtoto.

"Mshushe," Keziya alisema.

"Dada, tusimguse. Tumwite mwenyekiti kwanza."

"Mwenyekiti aje aone nini? Mshushe, na hiyo kamba uichome. Mbazi ameanguka ukingoni, kichwa kimegonga jiwe. Umenisikia, Eliakimu? Ameanguka."

Eliakimu akapanda, akakata kamba. Mwili ulimponyoka ukaangukia mawe. Kwa hiyo walipoliona jeraha kisogoni, walidhani ni la hapohapo.

Uongo ule haukuweza kusimama kwa neno la Keziya peke yake. Ulihitaji vidole, macho na kalamu.

Eliakimu aliondoa kamba, akalichonga tawi kwa panga mpaka alama ya msuguano ikapotea. Nankondo alimwosha mumewe, akamvisha sweta la sufu lenye shingo ndefu. Kule juu kuna baridi, na hakuna aliyeshangaa kuona maiti amevaa sweta. Na Yunesi, alipofika kutoka shuleni kwake, tarafa ya pili, aliambiwa na shangazi yake kwamba baba amejinyonga, akalia, kisha akakaa mezani akaandika maelezo ya familia: marehemu aliteleza ukingoni, familia haina shaka na mtu yeyote, na inaomba mwili usipasuliwe. Askari aliyepanda mlima siku ile aliyasoma mara mbili.

"Mwalimu, una mwandiko mzuri," alisema, akaondoka nayo.

Serikali ilitosheka. Keziya hakutosheka. Mbele ya majirani Mbazi alikuwa ameanguka, lakini moyoni mwa dada yake alikuwa amejinyonga, na Keziya aliogopa kumwingiza migombani kwa hila. Akaamuru kaburi lichimbwe mpakani.

"Migombani kuna mwamba," aliwaambia wachimbaji.

Ulipofika wakati wa konzi ya kwanza, watu wakasubiri ndugu ajitokeze. Keziya akasema, "Mvua hiyo inakuja. Fukieni haraka."

Mjomba wao, Mzee Kabwere, aliinua macho. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu. Akamtazama Keziya, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe, wala hakuyainua tena macho mpaka kaburi lilipojaa.

Ikapita miezi kumi na mmoja. Hakuna aliyemwuliza Keziya swali. Wanawake kwenye mfereji walikuwa wakimwona wanaanza kuzungumzia bei ya mbolea. Mjukuu alizaliwa kwa Yunesi, wa kiume, akaitwa jina la upande wa baba yake, na hapakuwa na mtu aliyeuliza kwa nini. Kwenda kanisani Keziya aliacha njia fupi inayopita penye masale, akazungukia juu, mwendo wa robo saa zaidi, akiwa na miaka sitini na minne na goti moja bovu.

Siku moja ya mwezi wa sita, wakati wa chai ya saa nne, Eliakimu aliingia kwake akiwa na kipande cha kamba mkononi. Hakukaa.

"Dada, sikuichoma."

Keziya aliitambua kamba kabla hajamaliza kusema. "Hukuichoma? Miezi yote hii ilikuwa wapi?"

Eliakimu alitazama ukuta. "Ilikuwa kamba mpya, dada. Nzuri. Nilisema nitaichoma kesho, kesho yake nikasema keshokutwa. Kisha yule mtamba wangu akakata kamba yake..."

"Umemfungia ng'ombe."

"Nimemfungia ng'ombe."

Keziya alitaka kumpiga kofi, mdogo wake huyo mwenye mvi. Aliweka kikombe chini badala yake.

"Jana kaivuta ikakatika," Eliakimu aliendelea. "Nikataka kulifungua hili fundo la juu, ambalo sikuwahi kulipapasa, nipate urefu wa kuunga. Halifunguki kwa meno wala kwa msumari. Nikakaa nalo. Ndipo vidole vikaniambia. Dada, fundo hili hulifungi bila gumba la kulia. Gumba ndilo linalobana, vidole vingine vinapitisha. Kaka alikuwa anafunga kwa meno, fundo la kawaida, nililomfundisha mimi. Hili si lake. Na kamba yenyewe ni ya mashine, ya dukani. Nyumbani kwake hakuna kamba ambayo sikuisokota mimi."

"Kwa hiyo umekuja kuniambia nini?"

"Kwamba hakujinyonga."

"Kwamba nilimlaza mpakani bure. Ndilo ulilokuja kuniambia."

Eliakimu aliizungusha kamba mkononi.

"Rudisha kamba yako kwa ng'ombe," Keziya alisema. "Sikukusikia na wewe hukuja."

Lakini mlangoni alikuwa amesimama Nankondo, na beseni la maharage kiunoni. Haijulikani alikuwapo kwa muda gani.

"Damu ilifika kwenye mkanda," Nankondo alisema.

"Nini, wifi?"

"Nilipomwosha. Damu ya kisogoni ilikuwa imeshuka mgongoni kote mpaka kwenye mkanda wa suruali, na imeshakauka. Shemeji alimwangusha akiwa amekufa. Maiti hatoki damu namna ile. Hata kuku aliyejifia, ukimkata shingo hupati kitu."

"Uliona hayo, ukanyamaza?"

Nankondo aliweka beseni chini taratibu. "Ningesema jeraha, mngeniuliza nani kampiga. Na majirani wote walisikia nilichomwambia jioni ile. Maharage yangu yalikuwa yanakauka, yeye anawapa watu maji. Nilimwambia, kufa basi, nipumzike." Akapangusa mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Asubuhi mkaniambia amejinyonga. Nilidhani amenitii."

Hapo Keziya alikaa chini. Alikuwa amebeba aibu moja kwa miezi kumi na mmoja, aibu ya ndugu aliyejinyonga. Sasa ile ilikuwa inaondoka na nyingine inaketi mahali pake, na hii ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Tangu saa ile alitaka jambo moja tu: Mbazi atolewe mpakani alazwe migombani, na atupiwe udongo na mkono wa ndugu. Na hilo halikuwezekana mpaka polisi walifungue upya jalada, wafukue, waseme kwa maandishi kwamba mtu huyu aliuawa.

Wakamwita Yunesi.

Yunesi aliandika barua ya kwanza kituoni. Wakashuka wote wanne kuipeleka. Askari ni yuleyule. Aliisoma, akaita na mwenzake aje asome.

"Mama," alimwambia Keziya, "mwaka jana mlituambia kaanguka. Mwaka huu mnatuambia kanyongwa. Mwaka ujao mtakuja kutuambia yuko hai, anaomba jalada lake?"

Wakacheka wawili wale. Keziya alicheka nao kidogo, kwa kukosa la kufanya, na kicheko hicho kilimchoma kuliko chao.

Barua ya pili ilikwenda wilayani, na majibu yalikuja baada ya wiki saba: jalada lilifungwa kwa maelezo ya familia yenyewe. Yunesi alikwenda akaonana na mpelelezi, mwanamke wa makamo aitwaye Mwasiti, mtu wa maneno machache. Mwasiti alimwekea mezani maelezo yale ya zamani.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Umeandika vizuri sana, mwalimu. Nimetafuta pa kuingilia, sijapaona." Kalamu ya Yunesi ilikuwa imefunga mlango, na ilifunga kwa komeo. Mwasiti akaendelea, "Njia iliyobaki ni moja. Aandike mtu kwamba haya ni uongo, aseme nani alisema uongo na kwa nini, aweke sahihi. Lakini wa kwanza kuitwa hapa atakuwa ni huyo aliyeandika. Na mwajiri wako nitampa nakala. Sina budi."

Yunesi aliandika. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja na nusu. Aliandika kuhusu kamba na ng'ombe, na Eliakimu akaweka dole gumba lake. Aliandika kuhusu damu na maneno ya jioni, na Nankondo akaweka lake. Juu ya yote aliandika: Maelezo ya mwanzo niliyaandika mimi, na nilijua si ya kweli.

Kila mmoja alilipa kwa namna yake. Eliakimu akawa Mzee Ng'ombe; hakuna aliyemletea tena kazi ya kamba ya harusi wala ya kengele ya kanisa. Nankondo alihojiwa siku tatu mfululizo kama mtu aliyemwua mumewe, na majirani walikuja mmoja mmoja kuthibitisha kwamba ndiyo, walimsikia akimwambia afe. Yunesi alivuliwa unaibu wa mwalimu mkuu, na dukani mzazi mmoja alimwambia mbele ya watu, "Barua yangu usihangaike nayo, mwalimu. Nataka hii iwe ya kweli."

Na Keziya? Tufike kwake, maana hapa ndipo hadithi inapomtaka.

Siku ya kuhojiwa wote, walikaa kwenye benchi moja, migongo ukutani. Mwasiti alimaliza habari ya kamba, akamaliza habari ya damu, kisha akauliza, "Nani aliyeamuru ashushwe na isemwe kaanguka?"

Keziya alifungua mdomo. Neno lililokuwa halijawahi kumkosa tangu ujana wake halikuja. Alitazama sakafu ya saruji, penye ufa uliokwenda mpaka chini ya meza.

"Mimi ndiye msomi wa nyumba, afande," Yunesi alisema. "Niandike mimi."

Eliakimu alikohoa. Nankondo, mwenye macho, alimwona kila mmoja wao. Mwasiti aliandika. Alhamisi ile asubuhi Yunesi alikuwa darasani, tarafa ya pili, na wote wanne walijua.

Njiani kurudi hakuna aliyeligusa jambo hilo. Kwenye mwinuko wa mwisho Yunesi alimgeukia. "Shangazi, umechoka? Lete huo mfuko nikubebee." Keziya akampa mfuko. Alipofika nyumbani alikaa jikoni bila kuwasha moto.

Kibali cha mahakama kilitoka mwezi wa tisa. Wakaja daktari, Mwasiti na vijana wa kuchimba, wakazungushia turubai penye masale. Taarifa ya daktari haikuwa ndefu: fuvu lilipasuliwa kwa kitu kizito marehemu akiwa hai, na kunyongwa kulifuata. Jalada likabadilishwa jina kutoka ajali kuwa mauaji. Yupo mtu anayehojiwa, mtu ambaye Mbazi alimnyima zamu kwa kosa la kuzibua ndiva kwa wizi. Lakini hayo ni ya mahakama, na hadithi hii haina ruhusa ya kuyasemea.

Mazishi ya pili yalikuwa Jumapili, baada ya ibada. Migombani, kama mnavyokisia, hapakuwa na mwamba wowote. Wachimbaji walimaliza kabla ya saa tano, wala hawakumtazama Keziya usoni. Kijiji kizima kilikuja. Mwasiti naye alikuja, amevaa gauni la kawaida, akasimama nyuma kabisa.

Sanduku liliposhushwa, Mzee Kabwere alijikongoja mpaka ukingoni.

"Mwaka jana hapakutupwa udongo," alisema. "Sote tulikuwapo. Leo utatupwa. Marehemu aliyekuwa nje ya boma hutupiwa na yule aliyemrudisha nyumbani, na konzi hiyo ni moja, haigawanywi. Keziya, wewe ndiye mkubwa. Chota umpe unayemwona."

Keziya aliinama kwa goti lake bovu, akachota. Udongo ulikuwa mwekundu, una unyevu. Akamwendea Eliakimu.

"Pokea. Bila fundo lile tusingejua chochote."

Eliakimu alificha mikono nyuma kama mtoto. "Mkono huu ulimfungia ng'ombe kwa kamba ile, dada. Kila siku naifunga, kila siku naifungua. Nikitupa mimi, ataukataa. Mpe mkewe."

Akamwendea Nankondo.

"Pokea, wifi. Kwa kamba pekee polisi wangetucheka. Damu uliyoiona wewe ndiyo iliyowaondoa kitini."

"Niliiona nikaisuuza," Nankondo alisema. "Maji yalikuwa mekundu, nikayamwaga mwenyewe nyuma ya nyumba. Na neno la mwisho alilolisikia kwangu unalijua. Mpe mtoto."

Akamwendea Yunesi.

"Pokea, mwanangu. Ungekaa kimya, baba yako angebaki kule."

"Alikaa kule kwa sababu yangu, shangazi. Ningeandika kweli siku ya kwanza wangempima siku ya kwanza." Akashusha sauti. "Mpe baba mdogo. Ndiye aliyeanza."

Watu wakaanza kunong'ona, kisha wakaacha kunong'ona.

"Apewe Eliakimu! Angeichoma ile kamba kama alivyoambiwa, leo tungekuwa na nini?"

"Hakuihifadhi, bwana, aliitumia! Asifiwe ng'ombe basi!"

"Mjane apewe. Yeye ndiye aliyejitia kwenye kitanzi cha kushukiwa."

"Mwalimu ndiye aliyepoteza kazi."

"Hajapoteza kazi, kapoteza ofisi."

"Amueni, jamani," alisema mama mmoja wa nyuma, "mimi nimeacha chungu motoni."

Keziya alisimama katikati yao na konzi yake. Aliwatazama wale watatu: kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu ambayo tayari kijiji kizima kiliijua. Yeye peke yake alikuwa amesimama wima, kilemba safi kichwani, na watu wakimpisha njia.

"Mliosimama hapa," alisema, "kuna jambo halimo kwenye jalada."

Kelele zikakatika.

"Eliakimu alitaka kumwita mwenyekiti, nikamkataza. Nankondo wakati wa kuosha alianza kuniambia kitu, nikamwambia awahi, watu wanasubiri. Yunesi hakuwapo. Alikuwa darasani. Mimi ndiye niliyesema mshushe. Mimi ndiye niliyesema ameanguka. Mimi ndiye niliyesema kuna mwamba, na nikasema mvua inakuja. Polisi walipouliza ni nani, huyu mtoto alijitaja mbele yangu, na mimi nikatazama sakafu."

Kule nyuma Mwasiti alifungua mkoba, akatoa daftari, akasimama nalo bila kuandika, kama mtu asiyejua kama pale ni mahali pake.

Mzee Kabwere alipumua kwa nguvu. "Basi, Keziya, tupa wewe. Hawa watatu walimtoa mpakani. Lakini jina lake lilikuwa halijatoka huko mpaka ulipolitoa sasa hivi. Nami pia niliiona mbingu siku ile, nikatazama viatu."

"Atupe nani?" ilipaa sauti ya Nankondo, na mara hii haikuwa na unyonge. "Aliyemtupa mpakani ndiye amkaribishe nyumbani? Wifi, nimekusikia, na nimekusamehe mengi. Hilo sijui kama naliweza."

"Mama," Yunesi alisema.

"Sijui, nimesema sijui."

Basi wakasimama hivyo, wanne, kwenye ukingo wa kaburi la mtu wao, na konzi moja. Keziya alihisi udongo ukianza kukauka na kumchuruzika kati ya vidole, punjepunje, juu ya viatu vyake.

Ukoo ule uliamua siku hiyohiyo, kwa kuwa maiti hangeweza kungoja zaidi. Walivyoamua wanajua wao, na wapo ambao mpaka leo hawasalimiani kwa sababu yake. Hayo hayatawasaidia ninyi. Ninyi mtafute yenu.

Eliakimu alikileta kitu, lakini alikileta kwa kuwa alishindwa kukitupa. Nankondo alisema alichokiona akijua kitamrudia yeye, lakini alisema baada ya miezi kumi na mmoja. Yunesi alifungua mlango ambao mwenyewe aliufunga, na akabeba kosa lisilo lake ili usifungwe tena. Keziya alisema wa mwisho, alipokuwa hana tena pa kutazama. Ila aliyoyasema hakuna mwingine aliyeweza kuyasema.

Sanduku limeshashushwa. Mzee Kabwere amenyoosha mkono, anangoja jina. Haya, wewe uliyesikiliza hadi hapa: konzi ile ungeitia mkononi mwa nani?